Alexander Fleming: Mtoto wa mkulima aliyegundua penisilini na kuona hatari yake mapema

Ukienda zahanati na kichomi au jeraha lililotunga usaha, huenda ukapewa dawa ya jamii ya penisilini. Aliyeigundua, Alexander Fleming, alifariki mwaka 1955. Zaidi ya miaka 60 baadaye, wanasayansi waliosoma vinasaba vya bakteria waligundua kuwa jambo alilolihofia lilikuwa limeanza yeye akiwa bado hai.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel, Scotland. Alikuwa wa saba kati ya watoto wanane, na baba yake, mkulima, alifariki Alexander akiwa na miaka saba. Shule alikwenda kwa miguu. Alipokuwa kijana alihamia London kwa ndugu zake, akawa karani katika kampuni ya meli. Urithi mdogo kutoka kwa ami yake ndio uliomwezesha kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's. Alihitimu mwaka 1906, akabaki hapo kufanya kazi ya maabara.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka Boulogne, Ufaransa. Huko aliona askari wengi waliopona risasi wakifa kwa majeraha yaliyoingiwa na bakteria. Aligundua pia kuwa dawa kali za kuoshea majeraha makubwa ziliharibu chembe nyeupe za damu, huku bakteria waliojificha ndani wakisalimika.

Septemba 1928 alirudi kazini kutoka likizo akakuta kisahani kimoja, alichooteshea bakteria wanaosababisha majipu, kimeingia ukungu kama ule wa mkate uliolala. Kuzunguka ukungu huo, bakteria walikuwa wameyeyuka. Aliiita dawa iliyomo penisilini na kuandika habari zake mwaka 1929, lakini hakuweza kuichuja ikawa safi.

Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Mwaka 1941 walimtibu askari polisi aliyekuwa mahututi. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha, naye akafariki. Kufikia mwaka 1944 ilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wanajeshi, na mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel.

Onyo siku ya furaha

Katika hotuba yake ya Nobel, Fleming alitoa mfano wa kubuni. Mtu anaumwa koo, ananunua penisilini na kumeza kiasi kisichotosha kuua bakteria, ila kinatosha kuwazoesha. Anamwambukiza mkewe, ambaye anapata kichomi. Mke anatibiwa kwa penisilini, dawa inashindwa, anafariki. Fleming alitaka wasikilizaji wake waone kuwa makosa ya mmoja humuua mwingine.

Vinasaba vyasema nini

Bakteria anapogawanyika, hunakili maelezo yote ya mwili wake, yaani vinasaba. Mara chache hutokea kosa dogo la kunakili, na kosa hilo hurithiwa na kizazi kinachofuata. Wanasayansi wakilinganisha makosa hayo katika sampuli nyingi, wanaweza kujua ni bakteria gani wana ukoo mmoja, na walitengana lini.

Mwaka 1959 dawa mpya, methisilini, ilianza kutumika Uingereza kupambana na bakteria wa majipu waliokuwa sugu kwa penisilini. Haukupita muda mrefu, bakteria sugu kwa methisilini nao wakaonekana. Wengi waliamini kuwa dawa hiyo mpya ndiyo iliyowazalisha. Lakini mwaka 2017, watafiti waliosoma vinasaba vya sampuli zaidi ya 200 zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960 waliona kuwa usugu huo ulianza katikati ya miaka ya 1940, wakati penisilini ilipoanza kutumika kwa wingi. Matumizi ya dawa moja yaliwaandaa bakteria kuishinda dawa nyingine ambayo haijatengenezwa bado.

Njia hiyohiyo imetumika kufuatilia homa ya matumbo. Mwaka 2015, sampuli zaidi ya 1,800 kutoka nchi 63 zilionyesha kuwa ukoo mmoja wa bakteria sugu ulitoka Asia na kuingia Afrika zaidi ya mara moja, ukafika hadi kwetu mashariki mwa bara.

Fleming alifariki London, Machi 11, 1955. Maabara sasa zinaweza kuonyesha usugu ulipopita, lakini haziwezi kuurudisha ulikotoka. Kwa hiyo mfano wake bado unatuhusu: usinunue dawa za kuua bakteria bila kupimwa, usigawane dozi na mtu mwingine, wala usiikatishe kabla ya siku ulizoandikiwa.