Tsavo Haikujitengeneza Yenyewe

Kila mwaka, muhula unapokaribia kwisha, shule za kwetu Kisauni hukodi basi na kuwapeleka wanafunzi kuwatazama wanyama wa porini. Nami, kwa kuwa ni mwalimu, nimekwenda mara kadhaa. Tunakutana Kengeleni alfajiri, karibu na ile kengele kongwe ya Frere Town, tunavuka daraja la Nyali, tunapita Changamwe na Mariakani, hata tukafika Voi na kuingia Mbuga ya Tsavo Mashariki. Watoto huwahesabu ndovu, twiga na pundamilia, hula chakula chao, kisha tukarejea. Insha zinazoandikwa wiki ifuatayo hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Katika safari mojawapo mwanafunzi wangu aliniuliza ni nani aliyezichonga barabara zile katikati ya nyika, na watu waliokuwa wakiishi pale walikwenda wapi. Nilimpa jibu la kumnyamazisha tu, kwani basi lilikuwa likitungoja. Tangu siku hiyo swali lile limenikaa moyoni, na makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Mtu wa kuanza naye ni David Sheldrick. Alizaliwa mwaka 1919 huko Alexandria, Misri, akaletwa Kenya angali mtoto mchanga. Katika Vita Vikuu vya Pili alitumikia jeshi la King's African Rifles, akapigana Uhabeshi na Burma, akapanda hadi cheo cha meja. Tsavo ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwezi wa Aprili 1948, kisha ikagawanywa Mashariki na Magharibi, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa upande wa Mashariki. Upande huo peke yake una zaidi ya kilomita 13,000 za mraba. Alipofika hapakuwa na barabara za kufaa wala nyumba za askari, na maji yalikuwa haba. Yeye na vibarua wake, ambao aghalabu majina yao hayatajwi, ndio waliofyeka njia na kujenga makambi. Bwawa la Aruba, ambalo wageni hulizunguka leo wakitafuta simba, lilikamilishwa mwaka 1952.

Hata hivyo, nyika ile haikuwa tupu. Humo mlikuwa na Wata, ambao sisi wa pwani tumezoea kuwaita Waliangulu. Wata walikuwa wawindaji wa ndovu tangu jadi. Pinde zao zilikuwa nzito kupita kiasi, na mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti. Ujuzi wao wa kusoma nyayo haukuwa na mfano. Mpaka wa hifadhi ulipochorwa kwenye ramani, kazi ya baba zao iligeuka kosa la jinai, na mtu aliyelala akiwa mwindaji aliamka akiitwa jangili.

Katika miaka ya 1956 na 1957 Sheldrick na wenzake, akiwamo Bill Woodley, waliendesha msako mkubwa dhidi ya ujangili. Askari wao, wengi wakitoka kaskazini mwa nchi, waliwafuata wawindaji hadi vijijini. Wata wengi walikamatwa, wakahukumiwa, wakafungwa. Kwa upande wa ndovu kazi hiyo ilifaulu. Kwa upande wa Wata ilikuwa msiba, maana kijiji kilichopokonywa wanaume wake hupokonywa chakula pia. Wasimamizi wenyewe hawakuwa vipofu. Waliwaheshimu wale waliowafunga kwa ustadi wao, na baadhi ya wawindaji waliajiriwa baadaye kusaidia kazi ya hifadhi. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango kando ya mto Galana ili Wata wawinde kwa kibali na kwa kiasi, wapate riziki ya halali. Mpango huo haukudumu. Lakini wanunuzi wa pembe, waliotajirika kwa jasho la mwindaji, ni wachache mno waliowahi kuonja ugali wa jela. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa tembo walilindwa, na nyasi zikaumia vilevile.

Mtihani wa pili wa Sheldrick ulitoka kwa ndovu wenyewe. Waliongezeka, wakaangusha miti, na sehemu kubwa za msitu zikageuka mbuga za nyasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu Richard Laws alipendekeza baadhi ya ndovu wapigwe risasi ili idadi ipungue. Sheldrick alikataa katakata, akiamini kwamba maumbile yana mizani yake. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ulipoingia, ndovu walikufa kwa maelfu, wengi wao wakiwa majike na watoto. Kuna wanaosema alikosea, na kuna wanaosema miti iliyochipuka upya ilimtetea. Mjadala huo haujafungwa hadi leo, na kwa maoni yangu unafaa sana kwa darasa la sayansi.

Mwaka 1976 alihamishiwa Nairobi, na mwezi wa Juni 1977 moyo wake ulisimama, akiwa na umri wa miaka 57. Mkewe, Daphne, aliiendeleza kazi ya kuwalea ndovu mayatima waliyokuwa wameianza pamoja. Nako Tsavo majangili wenye bunduki waliingia kwa kishindo, hata ilipofika mwaka 1988 ndovu waliosalia walikadiriwa kuwa takriban 6,000 tu. Hesabu ya mwaka 2021 iliwakuta karibu 15,000.

Sasa narudi Kengeleni. Frere Town ilianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kuwa makazi ya watumwa walioachwa huru, na inasimuliwa kwamba kengele yetu ililizwa kuwatahadharisha watu wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Katika karne ile pembe na binadamu viliuzwa katika masoko yale yale, na mara nyingi mabega ya mtumwa ndiyo yaliyoibeba pembe hadi pwani. Basi sisi tunaoanza safari chini ya kengele hiyo hatuwezi kudai kwamba habari ya ndovu haituhusu.

Ndugu walimu, sisemi safari hizi zikomeshwe. Naomba kabla ya basi kuondoka tuwasimulie watoto habari mbili kwa pamoja: ya mtu aliyetoa karibu miaka thelathini ya maisha yake ili ndovu wasitoweke, na ya watu waliopoteza ardhi na riziki yao kwa ajili hiyo hiyo. Nanyi wanafunzi, mkiandika insha, msiishie kuhesabu wanyama. Andikeni pia nani alilipa gharama, na nani angali anadai. Mwanafunzi wangu aliuliza swali hilo kabla yangu, nami namwomba radhi kwa kumchelewesha.