ELLA FITZGERALD, MWIMBAJI ALIYEFUATA TROMPETI



Katika namba hii tunawaletea maisha ya mwanamuke mumoja wa Marekani, Ella Fitzgerald. Wengi wetu tunajua jina la Louis Armstrong, yule mupiga trompeti aliyefika Léopoldville mwaka wa 1960. Ella alimusikiliza Armstrong ku diski tangu utoto. Naye akawa fundi wa ile namna inayoitwa skati: kuimba bila maneno, kwa sauti tupu kama du, ba, di, koo la mutu likifanya kazi ya chombo.

Ella alizaliwa tarehe 25/4/1917 katika Newport News, jimbo la Virginia. Alikomalia Yonkers, karibu na New York. Jamaa yake walisali kwa Wametodisti, na kule alizoea nyimbo za kanisa. Mwaka wa 1932 mama yake akafa. Mutoto wa miaka 15 tu! Akapelekwa Harlem kwa ndugu ya mama. Akaacha masomo. Serikali ikamutia katika nyumba ya mayatima, kisha katika shule ya kurudi wasichana, mahali pa fimbo. Akatoroka, akabaki bila nyumba.

Tarehe 21/11/1934 aliingia ku shindano la Apollo, kule Harlem. Alikuja kwa kucheza, hapana kwa kuimba. Lakini dada wawili waliomutangulia walicheza vizuri mno, miguu yake ikaogopa. Pale pale akageuza shauri. Akaimba kwa kufuata Connee Boswell, mwimbaji wa diski za nyumbani kwao. Akashinda, akapata dola 25.

Mwaka wa 1935 aliingia orkestra ya Chick Webb, mupiga ngoma mwenye kibyongo, aliyetawala jumba la Savoy. Ulikuwa wakati wa swingi, muziki wa orkestra kubwa na wa kuchezesha watu. Katika swingi mapigo mawili hayagawanywi sawasawa: la kwanza linavutwa kidogo, la pili linakuwa fupi, na makofi yanaanguka ku 2 na ku 4. Mwaka wa 1938 wimbo wao A-Tisket, A-Tasket ukasikika Marekani nzima. Webb akafa mwaka wa 1939, na Ella, kijana wa miaka 22, akawekwa mbele ya orkestra.

Basi, ginsi gani alijifunza skati? Kwa sikio. Usiku kwa usiku alisimama mbele ya trompeti na saksofoni, akijaribu kufuata kwa koo yale waliyoyapiga. Mwaka wa 1945 akatoa Flying Home, wimbo wa vyombo, yeye akiuimba karibu wote bila maneno. Mwaka wa 1946 akasafiri na Dizzy Gillespie, mupiga trompeti wa mitindo mipya ya haraka, na sikio lake likapanuka tena.

Watu wengine wanafikiri skati ni kupayuka bure. Sivyo hata kidogo. Kwanza mwimbaji anapashwa kujua wimbo wenyewe, na sauti zinazobadilika chini yake, mpaka asipotee. Kisha anachagua: b na d zinapiga kama trompeti, u ndefu inavuta kama saksofoni. Anasema kidogo, ananyamaza, orkestra inajibu.

Faida yake ilionekana Berlin, mwezi wa 2, 1960. Mbele ya watu maelfu Ella akasahau maneno ya Mack the Knife. Hakusimama. Akatunga mengine papo hapo, akatia na skati, bila kukosa pigo hata moja. Kazi ile ilikuwa imenaswa ku diski, ikapata zawadi kubwa ya Grammy.

Mwisho wa maisha ugonjwa wa sukari ulimushinda. Mwaka wa 1993 alikatwa miguu yote miwili. Alikufa tarehe 15/6/1996.

Wanafunzi wenzetu, na zaidi ninyi wa kwaya, tujaribu: tuchukue wimbo mumoja tunaoujua, tuache maneno, tuuimbe kwa du na ba, tukipiga makofi ku 2 na ku 4. Pale tutajua kama kweli tunaujua wimbo, ao tulikuwa tunashika maneno tu. Ella hakumaliza masomo, lakini hakuacha kusikiliza. Sisi wenye madawati tusizibe masikio.