Daktari aliyelichungulia tone

Asubuhi mashambani Kericho au Bomet, tone la umande juu ya jani la chai hujikusanya kama shanga. Lidondoshe kwenye karatasi, linasambaa fasta. Kwa nini?

Thomas Young alilichimba swali hilo. Alizaliwa Milverton, Uingereza, 1773, kifungua mimba wa watoto 10. Alisomea udaktari, ila akili haikutulia: leo mwanga, kesho maandishi ya kale ya Misri. Na hapo ndipo penye shida, maana mgonjwa gani angemwamini daktari wa mambo kumi? Mwaka 1803 aliacha uprofesa Royal Institution, London, akihofia utamharibia kazi ya tiba. Baadhi ya makala alichapisha bila jina.

Mwaka 1805 akaeleza kuwa ukingo wa tone hukutana na kitu kwa pembe maalumu, kutegemea kimiminika na kitu chenyewe. Mlinganyo wenye jina lake leo, yeye aliusema kwa maneno tu! Alifariki 1829.

Printa ya saiba bado inamtii. Karatasi hunyonya vitone vya wino vikakauka upesi. Kwenye plastiki hubaki juu, na ukigusa mapema, kidole chote cheusi.