Claude Regaud na Kipimo cha Miali

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa za pwani zililetwa na wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kila mpagazi alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, akatoka nao Bagamoyo. Safari ilichukua miezi miwili au mitatu. Msafara ulikwenda saa chache tangu alfajiri, kisha ukapiga kambi, na mabega yakapumzika. Kama mpagazi angalilazimishwa kwenda njia yote bila kulala, angalikufa, ingawa mzigo ni ule ule na njia ni ile ile. Daktari mmoja wa Ufaransa aligundua jambo linalofanana na hilo katika miili ya wanyama.

Daktari huyo ni Claude Regaud. Alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Lyon. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa hadubini vipande vyembamba vya mwili, ili aone jinsi seli zilivyojipanga. Mwaka 1895 Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, aligundua miali ya eksirei. Haukupita muda mrefu, madaktari wakaona kwamba miali hiyo huweza kuangamiza uvimbe wa saratani. Lakini iliunguza pia ngozi nzima, hata wagonjwa wakapata vidonda vibaya, na baadhi ya madaktari wenyewe wakapoteza vidole.

Yapata mwaka 1906 Regaud alianza kuchunguza korodani za panya zilizopigwa miali. Baadaye alitumia pia sungura na kondoo dume. Kwa nini korodani? Kwa sababu seli zinazotengeneza mbegu za uzazi hugawanyika mfululizo, kama zifanyavyo seli za saratani, na juu yake ipo ngozi ya kawaida. Atakayeweza kuziangamiza seli hizo bila kuiharibu ngozi, huyo ameona njia ya kutibu saratani.

Kondoo alipopewa miali mingi kwa mara moja, ngozi yake ilitoka vidonda vikubwa kabla seli za mbegu hazijaisha. Wanyama wale waliumia, wala si vema kulificha jambo hilo. Lakini miali ilipogawanywa katika siku nyingi, seli za mbegu zilikwisha na kondoo hakuweza kuzaa tena, lakini ngozi haikudhurika sana.

Sababu ni hii. Seli huwa dhaifu zaidi wakati inapogawanyika. Miali ya siku moja huzikuta chache tu katika hali hiyo. Miali ya siku nyingi huzikuta nyingine kwa zamu. Nayo ngozi hupata nafasi ya kujitengeneza. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba seli nzima huanza kutengeneza majeraha yake ndani ya saa chache. Kwa hiyo hata miali inayotolewa polepole kwa saa nyingi huidhuru ngozi kidogo kuliko kiasi kile kile kikitolewa kwa dakika chache.

Regaud alihamia Paris, akaongoza maabara moja ya Taasisi ya Radiamu, na Marie Curie akaongoza nyingine. Jengo lao lilikamilika mwaka 1914, mwaka ule ule reli yetu ilipofika Kigoma. Vita vikaanza, na Regaud akaenda kuwatibu askari waliojeruhiwa. Vita vilipokwisha, mwenzake Henri Coutard aliwatibu wagonjwa wa saratani ya koo kwa miali iliyogawanywa katika majuma kadhaa. Baadhi yao walipona bila kukatwa kwa kisu. Regaud alifariki mwezi Desemba 1940.

Siku hizi mgonjwa wa saratani akitoka Tabora kwenda Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, huenda akakaa huko majuma matano au zaidi. Kila siku hulala chini ya mashine kwa dakika chache tu. Kwa kawaida hupewa miali siku tano, na siku mbili za juma hapewi, ili ngozi na viungo vingine vilivyo vizima vijitengeneze.