Ava Gardner: Nyota aliyekosa Oscar kwa kazi aliyoifanya Kenya

MWIGIZAJI mashuhuri wa Marekani, Ava Gardner, aliteuliwa mara moja tu maishani kuwania tuzo ya Oscar. Uteuzi huo aliupata kwa filamu ya Mogambo, iliyopigwa Afrika Mashariki.

Alizaliwa Desemba 24, 1922 katika jimbo la North Carolina, kitinda mimba wa watoto saba wa mkulima wa tumbaku. Mwaka 1941 kampuni ya MGM ilimwajiri kwa sababu ya uzuri wake, kabla ya kujua iwapo aliweza kuigiza. Sifa hiyo ya uzuri ilimfungulia milango, lakini pia iliwafanya wengi wasikitazame kipaji chake.

Novemba 1952 alitua Kenya pamoja na mumewe, mwimbaji Frank Sinatra. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi uliotangulia kutokana na vita vya Mau Mau. Wakati huo Ijara na Garissa zilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa ambalo mgeni hakuingia bila kibali. Hollywood ilikuja kutafuta Afrika ya wanyama na mapenzi. Afrika ya vibali na kamatakamata haikuwamo katika hadithi yake.

Hata jina la filamu hiyo halikuwa Kiswahili sanifu, ijapokuwa Mswahili akilisikia hukumbuka kwamba la mgambo likilia kuna jambo.

Chini ya mwelekezi John Ford, Ava aliigiza mwanamke mcheshi, mwenye ulimi mkali na moyo uliojeruhiwa, anayempenda mwindaji aliyeigizwa na Clark Gable. Kazi hiyo ilihitaji kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja, naye aliimudu bila kujikaza.

Machi 25, 1954 tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilimwendea Audrey Hepburn kwa filamu ya Roman Holiday. Usiku huohuo Sinatra, ambaye alikuwa ameondoka Kenya kwa muda kwenda kufanyiwa majaribio ya filamu ya From Here to Eternity, alitwaa tuzo ya mwigizaji msaidizi. Ndoa yao ilikuwa tayari imeyumba, na ilivunjwa mwaka 1957.

Je, Ava alistahili? Hepburn hakupewa tuzo kwa upendeleo. Hata hivyo, aliigiza binti wa kifalme anayependwa na kila mtu, ilhali Ava alimfanya mtazamaji amheshimu mwanamke ambaye jamii ilikuwa imekwisha kumhukumu. Mzigo wa Ava ulikuwa mzito zaidi.

Alifariki London Januari 25, 1990, akiwa na umri wa miaka 67. Wakenya waliotokea katika Mogambo walikuwa pambo la mandhari tu. Ilichukua hadi mwaka 2014 kwa Lupita Nyong'o, mwenye asili ya Kenya, kuinyanyua Oscar ambayo Ava hakuipata.