Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (18 Machi 1858 – 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini ya dizeli, ambayo pamoja na mafuta yake inaitwa kwa jina lake.

Maisha

Alizaliwa Paris, Ufaransa, katika familia iliyotoka Bavaria. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipoanza mwaka 1870, wazazi wake walilazimika kuhamia London, naye akiwa na miaka 12 akapelekwa kwa jamaa zake huko Augsburg. Alisomea uhandisi mjini München, ambapo alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Alihitimu mwaka 1880 akarudi Paris kufanya kazi katika biashara ya mwalimu wake.

Injini

Injini za mvuke za wakati ule zilipoteza sehemu kubwa ya joto la makaa. Diesel aliwaza kuigandamiza hewa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche. Aliomba hataza mwaka 1892, na kiwanda cha mashine cha Augsburg pamoja na kampuni ya Krupp vikagharimia majaribio. Katika jaribio la Agosti 1893 kipimo cha shinikizo kilipasuka, naye akanusurika. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa takriban dakika moja tu. Mwaka 1897 ilipimwa rasmi, ikaonekana kugeuza asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Nguvu ya injini hii ndiyo pia udhaifu wake. Ringi za pistoni na kuta za silinda zikilika, hewa huvuja, joto halitoshi, na injini huwaka kwa shida ikiwa baridi. Kwa hiyo fundi anayekagua lori la jeshi lililouzwa baada ya kutumika haridhiki na rangi mpya wala kilomita chache. Lori kama hilo huenda liliunguruma saa nyingi limesimama. Hupima kompresheni ya kila silinda, hutazama kama moshi ni wa buluu, dalili ya oili kuungua, kisha hufungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma aone kama moshi unasukumwa nje kwa nguvu.

Diesel mwenyewe hakuyaona malori hayo, kwani yalianza kuuzwa miaka ya 1920.

Kifo

Hataza zilimtajirisha, lakini injini za kwanza kuuzwa ziliharibika mara kwa mara, afya yake ikadhoofika, na fedha zake zikapotea katika uwekezaji mbaya. Usiku wa 29 Septemba 1913 alitoweka katika meli Dresden, iliyokuwa ikitoka Antwerp kwenda Harwich. Siku chache baadaye mabaharia Waholanzi waliona maiti baharini, wakachukua vitu vya mfukoni na kuiacha majini. Mwanawe Eugen alivitambua kuwa vya baba yake. Wengi huamini alijiua kwa sababu ya madeni. Uvumi wa kwamba aliuawa haujathibitishwa.