Edward Hore: Nahodha wa mashua ya tanga aliyeieleza siri ya maji yaliyoikimbia Karema

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MGENI anayefika Karema akitokea Mpanda mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi, hukutana na jambo linalomfanya ajiulize. Ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 ili iwe kituo cha kando ya maji haiko tena kando ya maji. Ziwa Tanganyika lilirudi nyuma, likaiacha ngome hiyo nchi kavu.

Wapo waliodhani kwamba wajenzi wake walikosea kupima. Ukweli ni kwamba ziwa lenyewe lilihama. Miongoni mwa watu wa kwanza kulieleza jambo hilo kwa ushahidi wa macho ni baharia Mwingereza ambaye kwa miaka 10 alizunguka ziwa hili kwa vyombo vidogo vya tanga. Jina lake ni Edward Coode Hore.

Hore alizaliwa London mwaka 1848. Alisomea ubaharia na kufuzu kuwa nahodha wa meli za biashara. Hakuwa mchungaji. Chama cha Misheni cha London kilipoamua kupeleka watu Ujiji, kilimchukua kwa sababu moja tu: kituo cha ziwani kilihitaji mtu anayejua bahari.

Msafara huo uliondoka pwani mwaka 1877 ukiwa na watu sita. Kiongozi wao, Roger Price, aliamini kuwa mikokoteni ya ng'ombe ingepunguza gharama za wapagazi. Mbung'o waliwaua ng'ombe hao njiani, mpango ukaanguka, na Price akarudi Uingereza. Waliofika Ujiji Agosti 23, 1878 walikuwa watatu tu: Hore, Walter Hutley na mchungaji J. B. Thomson.

Thomson alifariki mwezi uliofuata. Machi 1879 akafika Arthur Dodgshun, ambaye naye hakumaliza hata wiki mbili. Joseph Mullens, katibu wa chama hicho aliyekuja mwenyewe kutoka London kuimarisha kazi, alifia njiani karibu na Mpwapwa mwaka huohuo. Nahodha akabaki na ziwa mbele yake na makaburi nyuma yake.

Ujiji wa wakati ule ulikuwa mji wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliomtambua Sultani wa Zanzibar, chini ya uongozi wa Mwinyi Heri. Biashara yao kubwa ilikuwa pembe za ndovu na watumwa, waliovushwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya pili. Mzungu aliyetaka kuwa na chombo chake mwenyewe hakuweza kupokewa bila shaka. Ilimchukua Hore muda mrefu kuzoeleka.

Chombo chake cha kwanza kilikuwa cha kienyeji, nacho aliita Calabash, yaani Kibuyu. Vyombo vya Ujiji vilichongwa kutokana na magogo makubwa ya mivule yaliyotoka katika milima ya Ugoma, upande wa Kongo. Gogo liliwekwa chini kama mkuku, na mbao ziliongezwa juu ili kuinua kingo. Hore alikifunga chombo hicho mlingoti na matanga ya kizungu, akakiongoza kwa mabaharia wa ziwani waliokuwa na ujuzi wa upepo na miamba kuliko ramani yoyote.

Chombo cha mbao katika ziwa hili hakimpi mwenyewe nafasi ya kupumzika. Jua la kiangazi hukausha mbao zilizo juu ya maji, zikapasuka na kuachia maungio. Masika huozesha kamba na kuleta ukungu kwenye matanga. Kila baada ya muda chombo huburutwa ufukweni, maungio yakapigwa kalafati upya, tanga likashonwa na usukani ukakaguliwa. Kwa Hore ugumu ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa kila msumari na kila kipande cha turubai kilichotoka Ulaya kilisafiri miezi kadhaa kichwani mwa mpagazi kabla ya kufika Ujiji.

Hata chombo kilipokuwa kizima, safari yenyewe ilikuwa mtihani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofikia mita 1,470. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Anayetoka Ujiji kwenda Karema wakati huo hulazimika kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, mara upande huu na mara upande ule, na safari ambayo kwa ramani ni fupi ikawa ya siku nyingi.

Njiani kuna Rasi ya Kabogo, ambako wasafiri wa karne hiyo waliandika kwamba wapiga makasia walikuwa wakitupa shanga majini ili kuiridhisha mizimu. Kisha kuna Kungwe na milima ya Mahale yenye kilele cha mita zaidi ya 2,400, inayoshusha upepo wa ghafla juu ya maji. Nahodha asiyekuwa tayari kushusha tanga kwa wakati hupinduka.

Jina la Hore lilianza kujulikana Ulaya kutokana na swali moja: maji ya ziwa hili huenda wapi? Mito mingi huingia, na maji ni matamu, lakini hakuna aliyekuwa na hakika ya mlango wake wa kutokea. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika mdomo wa mto Lukuga na kusema kuwa huo ndio mlango. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipita hapohapo, akaona matope na matete yameziba, akasema maji hayajaanza kutoka.

Mabishano hayo yalikuwa bado moto pale Hore alipofika Lukuga mwaka 1879. Hakukuta kizibo. Alikuta mkondo wenye nguvu ukielekea magharibi, kwenye bonde la mto Kongo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland, alifika na kuthibitisha alichokiona Hore. Kumbe wote watatu walikuwa wakweli, kila mmoja kwa mwaka wake. Ziwa lilikuwa limepanda hadi likavunja kizibo, na sasa lilikuwa likijimwaga.

Matokeo yake hayakuchelewa. Katika miaka iliyofuata kina cha ziwa kilishuka kwa takriban mita 10. Fukwe mpya zilijitokeza, ghuba zikageuka vinamasi, na bandari zikapotea.

Karema ilikuwa katikati ya mabadiliko hayo. Kapteni Ernest Cambier alikuwa ameanzisha kituo hapo Agosti 1879 kwa niaba ya jumuiya iliyoongozwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, miezi michache tu baada ya Hore kuuona mkondo wa Lukuga. Hivyo ngome ilijengwa karibu na maji ambayo tayari yalikuwa safarini kuondoka. Mwaka 1885 Wabelgiji waliikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe.

Hore alirudi Uingereza kwa muda, akamwoa Annie Boyle mwaka 1881, kisha akarejea mwaka 1882 na mzigo usio wa kawaida. Ulikuwa boti ya chuma yenye matanga iitwayo Morning Star, yaani Nyota ya Asubuhi, iliyokatwa vipandevipande. Mamia ya watu waliivuta kwa mikokoteni kutoka Saadani hadi Ujiji, kwa kuwa mbung'o walikuwa wamekwisha kufundisha somo lao. Iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1883.

Chuma kilimwondolea nahodha kazi ya kalafati, kikamletea kazi ya kutu na ribiti. Lakini boti hiyo iliweza kustahimili mawimbi ambayo Calabash isingethubutu kuyakabili. Msaidizi wake, baharia Alfred Swann, aliizoea kiasi cha kuendelea na safari za ziwani hata baada ya Hore kuondoka.

Chombo cha tatu kilikuwa kikubwa zaidi. Good News, yaani Habari Njema, ililetwa kwa njia ya Zambezi na Ziwa Nyasa, ikaunganishwa kusini mwa Tanganyika na kuzinduliwa Machi 1885. Ilikusudiwa kuwa meli ya mvuke, lakini mhandisi wake, James Roxburgh, alifariki miezi michache baada ya uzinduzi. Injini ikasubiri, na meli ikatembea kwa matanga. Ule ujuzi wa zamani ambao injini ilikuja kuuondoa ndio uliobeba kazi.

Januari mwaka huo Annie alikuwa amefika Ujiji pamoja na mtoto wao mdogo, Jack, akibebwa na wapagazi katika kiti kutoka pwani. Familia iliishi katika kisiwa cha Kavala, karibu na pwani ya magharibi, ambako Annie aliwafundisha wasichana. Kwa nyumba iliyozungukwa na maji, boti ilikuwa njia ya chakula, ya dawa na ya barua.

Mwaka 1888 waliondoka moja kwa moja. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kufa, na misheni ilikuwa ikihamishia nguvu zake kusini mwa ziwa. Jack, aliyenusurika homa za ziwani, alifariki muda mfupi baada ya familia kurejea Uingereza. Mwaka 1892 Hore alichapisha kitabu kuhusu miaka yake ya Tanganyika, kisha akarudi baharini katika meli ya misheni ya visiwa vya Pasifiki. Alifariki mwaka 1912 huko Hobart, Tasmania.

Haifai kumsifu kupita kiasi. Mabaharia wa ziwani waliompitisha Kabogo na kumwonyesha bandari za kujificha hawakupata nafasi katika majina ya kumbukumbu, na ramani za kizazi chake ziliwasaidia watawala waliokuja baadaye kugawana nchi. Hata hivyo, alichokiona Lukuga bado kina uzito kwa wakazi wa Katavi.

Ziwa halijaacha kubadilika. Mwaka 2024 lilipanda na kufurika katika miji kadhaa ya kando yake, ikiwamo Kigoma na Bujumbura. Serikali nayo imejenga bandari mpya hapohapo Karema, ikitazamana na Kalemie ng'ambo ya pili, mji ulio jirani na mdomo wa Lukuga. Ikiwa maji yatasogea tena, gati hilo ndilo litakalotangulia kujua.

Kwa wataalamu wa viumbe, jina la nahodha huyo halijafutika. Alikusanya makombe ya konokono na kuyapeleka London, na mwaka 1880 mtaalamu Edgar Smith aliita mmoja wao Tiphobia horei. Konokono huyo mwenye miiba haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa katika Ziwa Tanganyika.